Uhuria wa Msimbo na Faida ya Mtumiaji: Tathmini ya Kivinjari cha Firefox kwa Mtumiaji wa Kiswahili wa Moshi na Miteremko ya Kilimanjaro

Ikisiri

Makala haya yanatathmini ubora na udhaifu wa Firefox, kivinjari cha programu huria kinachotengenezwa na Mozilla, kwa kumzingatia mtumiaji wa Kiswahili aliyeko Moshi na katika vijiji vya miteremko ya Kilimanjaro. Hoja kuu ni kwamba haki ya kuugusa msimbo na faida anayoipata mtumiaji ni mambo mawili tofauti, ingawa mara nyingi huzungumzwa kana kwamba ni jambo moja. Kinachoyaunganisha ni kazi ya watu. Pale ambapo kazi hiyo imekwisha kufanywa na wengine, kama vile kurefusha maisha ya kompyuta kuukuu, kuokoa bando na kulinda faragha, Firefox inamfaa mtumiaji wa Moshi kuliko washindani wake. Pale ambapo kazi ilipaswa kufanywa na wasemaji wa Kiswahili wenyewe, uhuria umebaki kuwa ruhusa isiyotumika.

1.0 Utangulizi

Mwalimu wa TEHAMA wa shule moja ya sekondari iliyo juu ya mji wa Moshi, upande wa Kibosho, aliniomba nimshauri kuhusu kivinjari cha kuweka katika kompyuta za shule. Kompyuta zenyewe ni za msaada. Zina Windows 7, kumbukumbu ya gigabaiti 2, na diski zinazotoa sauti kabla ya kuamka. Intaneti hupatikana kwa modemu ya simu, na bando hununuliwa kwa fedha ambazo mkuu wa shule huzitafuta mwezi kwa mwezi. Nilidhani ningejibu kwa dakika kumi, kwa kuwa mimi ni mtumiaji wa Firefox wa miaka mingi na moyo wangu ulikuwa umekwisha kuamua. Ilinichukua muda mrefu zaidi, na jibu nililotoa mwanzoni lilikuwa na kosa ambalo nitalieleza katika sehemu ya 5.0.

Uchaguzi wa kivinjari unaweza kuonekana kuwa jambo dogo kwa mtu mwenye kompyuta mpya na intaneti isiyopimwa. Kwa shule ya aina hii si dogo. Kupitia dirisha hilo moja wanafunzi husoma matokeo ya Baraza la Mitihani, wahitimu wa kidato cha sita hurudi kujaza maombi ya vyuo na ya mikopo, na walimu hutuma taarifa wanazodaiwa. Kivinjari kikishindwa, mtu hupanda gari kwenda Moshi mjini kulipia huduma ileile katika duka la intaneti. Nauli na siku ya kazi vinavyopotea ni sehemu ya gharama ya kivinjari, ingawa havihesabiwi katika tathmini za kitaalamu zilizozoeleka, ambazo hupima kasi ya kufungua kurasa kwenye mashine za kisasa.

2.0 Ufafanuzi wa Dhana

Neno kivinjari limetokana na kitenzi vinjari, chenye maana ya kwenda huku na huku kwa kuangalia au kutafuta jambo. Istilahi hii imekaa vizuri katika Kiswahili na makala haya hayana ugomvi nayo. Neno linalohitaji uangalifu ni huria.

Kiswahili kimebahatika kuwa na maneno matatu mahali ambapo Kiingereza kinatumia moja na kujichanganya: huru, bure na huria. Programu ya bure ni ile isiyolipiwa. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi, na leseni yake inamruhusu mtu yeyote kuusoma, kuubadili na kuusambaza. Kitu kinaweza kuwa bure bila kuwa huria. Vivinjari kadhaa vilivyomo katika simu zetu viko hivyo. Hata hivyo, huria katika masikio ya Mtanzania hubeba pia kumbukumbu ya soko huria, yaani mahali ambapo kila mtu ameruhusiwa kuingia lakini si kila mtu ana mtaji wa kuingilia. Nitaonyesha kwamba maana hii ya pili inaieleza Firefox vizuri kuliko wanavyopenda kukiri watetezi wake, nami nikiwa mmoja wao.

Historia ya Firefox ni fupi kuisimulia. Mwaka 1998 kampuni ya Netscape, iliyokuwa inashindwa na Microsoft katika ushindani wa vivinjari, iliuachia umma msimbo wa kivinjari chake. Mradi uliozaliwa hapo uliitwa Mozilla. Mwaka 2003 iliundwa Mozilla Foundation, taasisi isiyogawa faida, na tarehe 9 Novemba 2004 toleo la 1.0 la Firefox lilitolewa. Leseni inayotumika sasa, Mozilla Public License 2.0 ya mwaka 2012, inamtaka anayebadili faili lililo chini ya leseni hiyo na kulisambaza aachie pia mabadiliko yake, lakini inamruhusu kuliunganisha na programu nyingine zisizo huria.

Jambo moja halina budi kuwekwa wazi mapema, kwa kuwa linapotosha mijadala mingi. Firefox si kivinjari huria pekee. Chromium, msingi ambao Google huutumia kutengeneza Chrome, nao ni programu huria. Microsoft Edge tangu mwaka 2020, Opera tangu mwaka 2013, Brave na Vivaldi vyote vimejengwa juu ya msingi huo. Kwa hiyo mtu anayesema achague Firefox kwa sababu ni huria hajatoa sababu bado. Tofauti iko katika nani anaamua mwelekeo wa msimbo, na anaamua kwa maslahi ya nani.

3.0 Ubora Uliokwisha Kufanyiwa Kazi

Ubora wa kwanza ni uvumilivu kwa mashine kuukuu. Chrome iliacha kuhudumia Windows XP mwaka 2016; Firefox iliendelea nayo hadi mwaka 2018. Chrome iliacha Windows 7 na Windows 8 mwanzoni mwa mwaka 2023, toleo la 109 likiwa la mwisho. Mozilla ililitenga toleo la 115, la Julai 2023, kuwa toleo la muda mrefu kwa ajili ya mifumo hiyo, na muda wake wa kupokea marekebisho ya usalama ukaongezwa zaidi ya mara moja. Kwa shule yenye kompyuta za msaada, tofauti hii ni ya msingi. Kivinjari kisichopokea marekebisho kinabaki na matundu yanayojulikana hadharani, na kila mwezi unaopita matundu hayo huongezeka.

Hapa pana tahadhari. Windows 7 yenyewe iliachwa na Microsoft Januari 2020. Kuweka kivinjari kinachorekebishwa juu ya mfumo usiorekebishwa ni kufunga mlango wa mbele na kuliacha dirisha la jikoni wazi. Isitoshe, uvumilivu wa Firefox una kikomo pia: mwaka 2025 Mozilla ilitangaza kuacha kutoa Firefox kwa Linux ya biti 32, mfumo ambao Chrome iliuacha tangu mwaka 2016. Tofauti ya karibu muongo mmoja ni kubwa, lakini haina maana kwamba kompyuta kuukuu itahudumiwa milele.

Ubora wa pili unahusu bando. Kurasa nyingi za magazeti na burudani hubeba matangazo, video zinazojiwasha zenyewe na vipande vya programu vya kumfuatilia msomaji, na vyote hivyo hushuka kwa gharama ya msomaji. Kiendelezi kiitwacho uBlock Origin, ambacho nacho ni programu huria, huvizuia kabla havijapakuliwa. Chrome ilibadili mfumo wake wa viendelezi, na kuanzia mwaka 2024 ikaanza kuvizima vile vya mfumo wa zamani, uBlock Origin kamili kikiwamo. Kilichobaki kwa watumiaji wake ni toleo lililopunguzwa uwezo. Firefox iliukubali mfumo mpya bila kuufuta wa zamani. Kampuni inayoishi kwa matangazo iliamua jambo moja, na taasisi isiyouza matangazo kwa kiwango hicho iliamua jingine. Katika chumba cha kompyuta ambamo bando ni la kuhesabu, uamuzi huo unaonekana kwa macho: siku ambayo kiendelezi kimezimwa, bando huisha kipindi hakijaisha.

Ubora wa tatu ni faragha. Tangu mwaka 2019 Firefox huzuia wafuatiliaji wengi bila mtumiaji kubadili mpangilio wowote, na tangu mwaka 2022 huvitenga vidakuzi vya kila tovuti ili tovuti moja isisome vya nyingine. Katika kuwaeleza wanafunzi jambo hili niligundua kwamba istilahi ya Kiswahili inafundisha kuliko ya Kiingereza. Jina la Kiingereza la vidakuzi ni la biskuti, na halimwambii mwanafunzi lolote. Neno kidakuzi humkumbusha mara moja mdakuzi na udaku, na mwanafunzi wa kidato cha pili hahitaji kuelezwa mara mbili kwa nini mtu angependa kumzuia mdakuzi asihame na habari kutoka nyumba moja kwenda nyingine.

Mfano wa nne si wa Firefox yenyewe bali wa msimbo wake, nao unaonyesha ubora na udhaifu katika kitu kimoja. Mozilla iliwahi kutengeneza mfumo wa simu ulioitwa Firefox OS, kisha ikauacha baada ya miaka michache kwa kukosa soko. Kama ungekuwa mfumo uliofungwa, hapo ungekuwa mwisho wake. Kwa kuwa ulikuwa huria, watu wengine waliuchukua na kuuendeleza kwa jina la KaiOS, na kwa njia hiyo msimbo uliotupwa na mwenyewe ukafika Tanzania ndani ya simu ya Smart Kitochi iliyouzwa na Vodacom, simu ya vitufe yenye uwezo wa intaneti. Mkulima wa kahawa aliyeperuzi intaneti kwa kitochi hicho alikuwa anatumia injini ya Firefox bila kujua. Lakini injini hiyo, katika matoleo ya KaiOS 2.5, ni ya mwaka 2016, nayo iliendelea kuzeeka mfukoni mwake huku Firefox ya kompyuta ikirekebishwa kila mwezi. Leseni iliuokoa msimbo usife. Haikumpatia mtumiaji yule mtu wa kuurekebisha.

4.0 Suala la Lugha

Sehemu hii ndiyo iliyonifanya nibadili mtazamo, nayo inastahili kuelezwa kwa kirefu.

Msomaji asiyefuatilia mambo haya angetarajia kwamba kivinjari cha jumuiya, ambacho tafsiri zake hufanywa na watu wa kujitolea, ndicho kingekuwa na Kiswahili, na kile cha kampuni kubwa ya kibiashara kisingekuwa nacho. Hali ni kinyume. Chrome na Chromium vina Kiswahili katika menyu na mipangilio yake. Firefox ya kompyuta, katika orodha ya lugha za matoleo yake ya kawaida, haina. Wala haiwezi kusemwa kwamba Mozilla imezisahau lugha za Afrika Mashariki, kwa sababu katika orodha hiyohiyo imo Kiacholi, lugha ya kaskazini mwa Uganda na Sudan Kusini ambayo wasemaji wake ni wachache mno wakilinganishwa na wa Kiswahili. Waacholi wachache waliketi wakaifanya kazi.

Kisingizio cha kwanza kinachoweza kutolewa ni kwamba Kiswahili hakikuwa na wataalamu wa kazi hiyo. Hakikubaliki. Mwaka uleule wa 2004 ambao Firefox 1.0 ilitolewa, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na kampuni ya IT+46 ya Uswidi, ulitoa Jambo OpenOffice, programu kamili ya ofisi kwa Kiswahili. Mradi ule uliandaa istilahi, ukazijaribu na ukazitumia. Tena, kwa kuwa OpenOffice ilikuwa huria, LibreOffice ilipojitenga nayo mwaka 2010 tafsiri ya Kiswahili haikuachwa nyuma. Ingali imo katika hazina ya msimbo wa LibreOffice. Kwa hiyo uwezo ulikuwapo, na ushahidi kwamba kazi ya namna hiyo hudumu kuliko mradi ulioizaa upo pia.

Kisingizio cha pili ni kwamba sarufi ya Kiswahili haitafsiriki kirahisi katika programu zilizotungwa kwa Kiingereza. Hiki kina ukweli, na kinahitaji kujibiwa kwa mifano. Programu huhifadhi sentensi zake zikiwa na pengo, na pengo hujazwa jina la kitu wakati programu inapofanya kazi. Kwa Kiingereza kitenzi hakijali kilichowekwa katika pengo. Kwa Kiswahili kinajali: kichupo kimefungwa, dirisha limefungwa, alamisho imefutwa, vidakuzi vimezuiwa, faili limepakuliwa, picha imepakuliwa. Mfasiri akipewa sentensi moja yenye pengo, analazimika kuchagua upatanisho wa ngeli moja na kukubali makosa katika nyingine zote. Mifumo ya zamani ya tafsiri ilitambua umoja na wingi tu, nao kwa ngeli haukutosha. Matokeo yake ni Kiswahili kile tunachokiona katika mashine za benki na simu, ambacho mtu hukielewa kwa kukivumilia.

Sasa, taasisi iliyotoa jibu la kitaalamu kwa tatizo hili ni Mozilla yenyewe. Mfumo wake wa Fluent, uliofikia toleo la 1.0 mwaka 2019, unamruhusu mfasiri kulipa kila jina sifa za kisarufi za lugha yake, kisha kuandika sentensi moja yenye matawi mengi kadiri lugha inavyohitaji, hata kama sentensi ya Kiingereza haina tawi hata moja. Mfasiri anaweza kulipa neno kichupo sifa ya ngeli ya KI-VI na neno dirisha sifa ya ngeli ya LI-YA, na kitenzi kikafuata. Sijaona mfumo mwingine wa tafsiri ya programu unaoikaribia hivyo sarufi ya lugha za Kibantu. Kwa mwanaisimu hili ni jambo la kusisimua na la kuudhi kwa wakati mmoja: kivinjari chenye chombo kinachokifaa Kiswahili kuliko vyote ndicho kisichokuwa na Kiswahili.

Kinachobaki ni ukubwa wa kazi, na hapo ndipo penye ugumu halisi. Firefox ina maelfu ya sentensi za kutafsiriwa, na toleo jipya hutolewa kila wiki nne. Tafsiri si kitabu kinachomalizika na kupelekwa kiwandani. Ni kama shamba la migomba, ambalo mwenye kihamba halimalizi kulipalilia. Mtu wa kujitolea huanza kwa ari, huhamishwa kikazi au hupata mtoto, na baada ya matoleo kumi nusu ya menyu imerudi kuwa Kiingereza. Kampuni ya kibiashara hulipa wafasiri kila mwezi na haijali nani ana ari. Jumuiya isiyo na ari haina kitu cha kuweka badala yake.

Kuna pia mzozo wa istilahi. Nywila na nenosiri, tarakilishi na kompyuta, kuki na kidakuzi: kila mradi umekuja na chaguo lake, na Baraza la Kiswahili la Taifa haliwezi kwenda kwa mwendo wa wiki nne. Mimi sioni kuwa mzozo huu ni kikwazo kikubwa. Mtumiaji aliyezoea nywila hatapotea akikutana na nenosiri. Hupotea akikutana na sentensi ndefu ya Kiingereza inayomwonya kwamba cheti cha usalama cha tovuti si halali, kisha akabonyeza kitufe chochote ili onyo liondoke. Ndiyo maana nalihesabu suala la lugha kuwa la usalama pia, si la utambulisho peke yake.

5.0 Udhaifu

Udhaifu wa kwanza nilifundishwa na kosa langu. Nilimshauri mwalimu aweke Firefox peke yake katika kompyuta zote. Wiki chache baadaye kijana mmoja wa Uru, mhitimu wa shule ile, alikuja kujaza maombi katika mfumo mmoja ambao sina haja ya kuutaja. Fomu ilifunguka na akaijaza yote. Kitufe cha kutuma kikawa hakiitikii. Alirudia mara tatu, bando likaisha, na tarehe ya mwisho ilikuwa siku ile. Aliteremka mjini kwa bodaboda, akafungua fomu ileile kwa Chrome katika duka la intaneti, na ikatumwa. Alipopiga simu kumweleza mwalimu, hakulalamika. Aliuliza tu kama kompyuta za shule zilikuwa mbovu.

Hazikuwa mbovu, na kwa maana ya kiufundi hata Firefox haikuwa mbovu. Waliotengeneza mfumo ule waliujaribu kwa Chrome tu. Sehemu ya Firefox katika soko la vivinjari duniani, iliyokuwa karibu theluthi moja mwaka 2010, imeshuka hadi asilimia chache, na mtengenezaji wa tovuti mwenye haraka huona hana sababu ya kuijali. Hali hii hujilisha yenyewe: tovuti zikigoma, watumiaji huondoka, watumiaji wakiondoka, tovuti huzidi kugoma. Mtetezi wa programu huria anaweza kusema kwamba kosa ni la mtengenezaji wa tovuti, na atakuwa sahihi. Kijana aliye juu ya bodaboda hawezi kuutumia usahihi huo.

Udhaifu wa pili ni uzito. Kwa kumbukumbu ya gigabaiti 2, vichupo vinne au vitano vya tovuti za kisasa vinatosha kuifanya Firefox ikokote miguu. Chrome haina nafuu ya maana hapa, na kwa simu dogo Opera Mini, inayobana kurasa katika seva zake kabla ya kuzituma, huzishinda zote mbili kwa uchache wa bando, kwa gharama ya kuipitisha shughuli ya mtumiaji mikononi mwa mtu wa kati.

Udhaifu wa tatu ni wa kifedha, na ndio mzito kuliko yote. Sehemu kubwa ya mapato ya Mozilla, zaidi ya asilimia 80, hutokana na malipo ya Google ili injini yake ya utafutaji iwe chaguo la kwanza ndani ya Firefox. Kivinjari kinachojitambulisha kuwa mbadala wa Google kinaendeshwa kwa fedha za Google. Agosti 2020 Mozilla iliwaachisha kazi watu wapatao 250, karibu robo ya wafanyakazi wake. Agosti 2024 mahakama ya Marekani iliamua kwamba Google ilihodhi soko la utafutaji kinyume cha sheria, na mikataba ya aina ya ule wa Mozilla ilikuwa sehemu ya kesi. Katika hukumu ya nafuu ya Septemba 2025 malipo hayo hayakupigwa marufuku, ila Google ilizuiwa kuyaambatanisha na sharti la kutoshirikiana na wengine. Kwa muda wa mwaka mzima, basi, hatima ya kivinjari cha shule ya Kibosho ilikuwa ikijadiliwa katika mahakama ya Washington, na hakuna mtu wa Kibosho aliyejua.

6.0 Mjadala: Haki na Kazi

Wenyeji wa miteremko ya Kilimanjaro wana kielelezo cha mali ya pamoja ambacho ni cha kale kuliko programu yoyote, nacho ni mfongo, mfereji unaochukua maji kutoka korongoni hadi vihambani. Mfongo ulichimbwa na ukoo fulani, lakini hutumiwa na wengi. Haki ya maji huenda na wajibu: siku ya kusafisha mfereji watumiaji hutoka na majembe, na asiyefika hutozwa. Mfongo usiosafishwa haunyang'anywi mtu. Hujaa udongo polepole mpaka maji yakaacha kufika.

Ulinganisho huu una mpaka wake, na sipendi kuusukuma kupita kiasi. Maji yakitumiwa na mmoja hupungua kwa mwingine, ilhali msimbo haupungui kwa kunakiliwa. Mtumiaji wa Moshi hamnyimi kitu mtumiaji wa Berlin. Kwa sababu hiyohiyo hakuna anayemtoza asiyetoka na jembe, na ndiyo maana ni rahisi kwa lugha nzima kutumia mfereji kwa miaka zaidi ya 20 bila kuusafisha upande wake. Leseni ya Mozilla inampa msemaji wa Kivunjo wa Marangu haki ya kuwa na kivinjari cha Kivunjo bila kuomba ruhusa ya mtu, haki ambayo hakuna kampuni itakayompa kamwe. Haki hiyo ni ya kweli. Imekuwapo siku zote hizi na haijatoa neno moja la Kivunjo wala menyu kamili ya Kiswahili.

Vyuo vyetu vinahusika hapa. Moshi peke yake ina Chuo Kikuu cha Ushirika na Chuo Kikuu Katoliki cha Mwenge, na nchini kote wanafunzi wa Kiswahili huandika kila mwaka tasnifu kuhusu istilahi za kompyuta, zikachapwa, zikajalidiwa na kuwekwa rafuni. Sehemu ya kazi hiyo ingeweza kufanywa moja kwa moja ndani ya Pontoon, jukwaa la tafsiri la Mozilla, ambako kila sentensi inayopendekezwa huonekana, hupingwa na kurekebishwa hadharani. Mtahini anaweza kuuliza kama tafsiri ya menyu ni utafiti. Nadhani kutatua upatanisho wa ngeli katika sentensi elfu kadhaa zenye mapengo ni utafiti wa sarufi kuliko tasnifu nyingi zinazokusanya maneno na kuyapanga kwa alfabeti. Ila nakiri kwamba mimi mwenyewe, hadi ninapoandika haya, nimeandika kurasa nyingi kuhusu tafsiri ya programu na sijatafsiri programu.

Kuhusu shule, ushauri wangu wa pili ulikuwa huu. Kompyuta zenye afya zihamishwe kutoka Windows 7 kwenda Linux nyepesi, ili mfumo na kivinjari virekebishwe pamoja. Firefox iwe kivinjari cha kila siku, ikiwa na uBlock Origin, na vichupo visizidi vitatu. Chromium iwekwe pembeni kwa ajili ya fomu tu. Mwalimu alikubali, akachapa karatasi na kuibandika ukutani: fomu za maombi tumia Chromium, mengine yote Firefox. Aliipanga mashine nzima kuwa ya Kiswahili. Siku ya kwanza mwanafunzi mmoja alivifungua vyote viwili, akauliza kwa nini kile cha fomu kinaongea Kiswahili na kile cha kila siku kinaongea Kiingereza. Mwalimu aliniangalia mimi nijibu.